Daftari la Kibofu

Kwa karibu miaka miwili niliyaogopa maji ya kunywa. Nilijiaminisha kwamba mkojo unaoniponyoka ungepungua iwapo ningepunguza kinachoingia, na hesabu hiyo ilionekana haina kasoro, mpaka muuguzi mmoja aliponieleza kwamba mkojo uliokolea hukichokoza kibofu na kukizidishia papara, na kwamba uhaba wa maji huleta pia kufunga choo, hali inayokikandamiza kibofu hichohicho. Kosa langu la pili lilikuwa kuingia chooni kila nilipopita karibu nacho, kwa tahadhari tu. Kibofu cha mtu mzima kinaweza kuhifadhi mililita 400 hadi 600 hivi. Changu nilikuwa nimekidekeza hata kikawa kinalalamika kabla ya kufika 150.

Hayo ya mililita niliyajua kwa sababu ya daftari. Muuguzi yule aliniagiza niandike kwa siku tatu kila nilichokunywa, kila nilipokwenda haja ndogo, kiasi kilichotoka kwa kipimo cha plastiki, na kila nilipolowa, pamoja na nilichokuwa nikifanya wakati huo. Niliona haya kupima mkojo wangu mwenyewe kama mpishi anayepima maziwa, lakini nilitii. Siku ya pili nimeandika hivi: "Saa 12:40 jioni, ufunguo mlangoni, umetoka." Siku ya tatu kuna maneno yaleyale, yamepishana dakika kumi tu. Safari za chooni zilikuwa kumi na tatu kwa siku, ilhali kwa kawaida hazizidi nane hivi, na nyingi zilitoa mililita 90 au 120, ila ile ya alfajiri iliyotoa 380. Kumbe kibofu kilikuwa na nafasi. Kilichokosekana ni subira.

Ndipo nilipoelewa kwamba kushindwa kuzuia mkojo si tatizo moja. Anayevuja anapokohoa, anapopiga chafya au anapoinua ndoo ana udhaifu katika misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu kutoka chini, au katika misuli inayofunga njia ya mkojo, jambo linaloweza kuletwa na uzazi, ukomo wa hedhi, unene, kikohozi cha muda mrefu, au kwa wanaume upasuaji wa tezi dume. Anayebanwa ghafla asifike chooni ana kibofu kinachojikaza kabla ya wakati wake. Yuko pia ambaye kibofu chake hakimalizi kutoa mkojo, kikabaki kimejaa na kudondosha kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu tezi dume imetanuka au kisukari kimeathiri neva. Huyo akipewa dawa za kukituliza kibofu bila kupimwa anaweza kuzibwa kabisa. Mimi nilikuwa nazo aina zile mbili za kwanza, mchanganyiko ambao si adimu.

Mazoezi ya misuli ya nyonga yanajulikana kwa jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyeyaandikia makala mwaka 1948. Unabana na kuvuta juu kama anayezuia upepo usimtoke, bila kukaza mapaja wala kushika pumzi, unashikilia kwa sekunde chache mpaka uzoee kufika kumi, kisha unalegeza kwa muda uleule. Fanya angalau mara nane kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Mimi majuma mawili ya mwanzo nilikaza makalio peke yake, nikajisifu bure. Mazoezi haya yasifanywe kwa kukatiza mkojo unapotoka, kwani mazoea hayo huweza kuacha mabaki kibofuni.

Mlangoni nilifundishwa kinyume cha silika yangu: nisikimbie. Nasimama wima, nabana harakaharaka mara tano au sita, nasubiri wimbi lipite, ndipo nifungue na kutembea. Muda kati ya safari moja na nyingine niliurefusha kwa dakika chache chache kwa zaidi ya majuma sita, kahawa ya jioni nikaiacha, maji nikarudi kuyanywa. Dawa za kutuliza kibofu zipo, nami sikuzihitaji. Baadhi hukausha kinywa na kufunga choo, na kwa wazee huweza kuvuruga fikra, hivyo ni za kuandikiwa na daktari.

Yako mambo ambayo daftari halipaswi kuyasubirisha. Damu katika mkojo inahitaji uchunguzi wa haraka. Mkojo kukataa kutoka kabisa, au kuvuja kulikoanza ghafla pamoja na ganzi sehemu za siri au miguu kuishiwa nguvu, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na mwanamke anayelowa mfululizo usiku na mchana baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji, si kwa kubana misuli.

Juma lililopita nilishikwa na kikohozi, nikalowa mara mbili kabla sijakumbuka kubana kwanza ndipo nikohoe. Nimenunua pedi za mkojo, ambazo hufyonza vizuri kuliko zile za hedhi, na daftari limerudi mezani kando ya kipimo cha plastiki.