Mpaka wakala akaijua bamvua: nilivyoandika maelezo ya zana zetu

Natunza programu ya ofisi ya safari za boti hapa Mji Mkongwe. Wenye ofisi walitaka wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoongozwa na modeli ya lugha, awajibu wageni na kupanga safari mwenyewe, nami nikapewa kazi ya kumuunganisha na zana zetu, yaani programu ndogo ndogo anazoziita zimfanyie kazi: ya kuangalia maji, ya kuangalia boti zilizo wazi, ya kuhifadhi safari na ya kupokea malipo. Kuunganisha kwenyewe hakusumbui. Itifaki ya MCP (Model Context Protocol), utaratibu wa kuunganisha modeli na zana uliotolewa na Anthropic Novemba 2024, imeshapanga zana itangazwe vipi: jina, maelezo, na muundo wa vigezo, yaani nafasi za kujaza, kwa JSON Schema, namna ya kuandika data ya aina gani inatakiwa. Anayejua kuandika programu atamaliza upesi. Kazi yenyewe iko kwenye yale maelezo, na hapo ndipo ushauri mbaya ulipo mwingi.

Ushauri niliopewa ulitoka kwa mtaalamu aliyekodiwa na ofisi. Alisema, "Mpe mwongozo wote, modeli itachuja yenyewe." Mwongozo wetu uliandikiwa wafanyakazi: kurasa kwa kurasa za bonyeza hapa, bonyeza pale. Ukaingizwa wote kama ulivyo kwenye maelezo ya wakala. Kila mgeni akiuliza swali, mwongozo mzima unasomwa upya, na modeli hizi hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno inavyosoma na kuandika. Bili ikapanda mpaka mhasibu akanifuata mezani. Na bado wakala hakujua jambo analolijua kila mtoto wa Forodhani, kwamba fungu la mchanga la Nakupenda huonekana maji yakipwa, na yakijaa halipo.

Halikuwemo kwenye mwongozo kwa sababu hakuna mfanyakazi wa hapa aliyehitaji kuandikiwa. Safari ya kawaida huondoka asubuhi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hilo ni sawa, maana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji kwetu hupwa kwenye saa nne hivi asubuhi. Juma moja mbele ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na saa zile zile maji yamejaa. Wakala akauza safari ya fungu asubuhi ya maji mafu. Wageni wamefika na taulo zao, nahodha akaniita pembeni: "Mwanangu, fungu lipi hilo? Leo pale pana bahari tu." Wageni wakarejeshewa pesa zao, na mtaalamu akashauri tununue modeli kubwa zaidi. Sikukubali, na mpaka leo nafurahi sikukubali. Modeli iliyopo ilikuwa na akili ya kutosha; hakuna aliyeiambia.

Mwongozo nikauondoa, nikaanza upya kwa njia ninayoipendekeza kwa kila mtu. Nilichapisha kwenye karatasi majina ya zana na maelezo yake tu, kile kile anachokiona wakala, si zaidi. Nikampa mtoto wa dada yangu, kamaliza skuli karibuni, kakulia shamba, mambo ya boti hayajui. Nikamwambia, wewe ndiye wakala. Mimi nasoma ombi la mgeni, yeye anaandika ataita zana gani na ajaze nini. Hakuruhusiwa kubahatisha, akikwama aulize, na kila swali nalitia alama nyekundu.

Alikwama mapema. "Mjomba, hapa kuna angalia_safari na tafuta_safari. Ipi ni ipi?" Moja ilikuwa ya safari zilizokwisha kuhifadhiwa, nyingine ya zilizo wazi. Wafanyakazi walizoea, lakini jina halisemi. Akaendelea: "Saa 07:00 hii ni ya wapi?" Jedwali letu la maji lilikuwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kupwa kwa saa nne asubuhi kulisomeka 07:00. Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: "Maji yana mita moja. Mita moja kutoka wapi? Chini ya boti?" Hasha. Urefu wa maji kwenye jedwali hupimwa kutoka usawa maalumu wa ramani za bahari, haukwambii kina cha mahali uliposimama. Wakala alikuwa akiwaambia wageni kina cha maji kwa namba ile ile. Mtoto wa skuli aliona kwa penseli tundu ambalo mtaalamu hakuliona kwa kompyuta.

Nikarudi kwa nahodha. Tukakaa bandarini Malindi, akanieleza maji yakishuka mpaka kiwango gani ndipo fungu linafaa kushukiwa, na mapema kiasi gani mtu aondoke kabla hayajarudi. Hesabu hiyo nikaiweka ndani ya zana yenyewe. Sasa zana hairudishi namba tupu ili wakala akisie. Inarudisha fungu liko wazi au haliko, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, kwa saa za Afrika Mashariki. Na maelezo yake yanasomeka hivi: "Tumia kabla ya kuhifadhi safari yoyote ya fungu. Usitumie kueleza kina cha maji. Usitumie kwa safari ya kisiwa cha Changuu, ambako watu hushuka hata maji yakijaa." Sentensi za usitumie ndizo zilizofanya kazi kubwa, na kwenye maelezo ya zana za watu wengine naziona kwa nadra.

Jambo la saa nalo liandikwe waziwazi. Mgeni wa Bara au wa hapa akiandika saa mbili asubuhi, kigezo kijazwe 08:00. Nimeweka mfano ndani ya maelezo, na kama haijulikani ni asubuhi au usiku, wakala aulize.

Ujumbe wa hitilafu pia ni maelezo, tena ndiyo yanayosomwa wakati wa shida. Zamani zana ilijibu "400, ombi batili", na wakala akarudia ombi lile lile mpaka akachoka. Sasa inajibu: "Tarehe imepita. Tuma tarehe ya leo au ya mbele kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku." Anasahihisha mwenyewe mara moja. Kwenye malipo kila ombi lina namba yake, na maelezo yanamwambia jibu likichelewa arudie kwa namba ile ile, ili mgeni asikatwe pesa mara mbili mtandao unapolegea.

Niliambiwa pia niandike yote kwa Kiingereza. Nimejaribu kwa lugha zote mbili kwa maombi yale yale, na kwa zana ya maji Kiswahili kimenitosha, mradi bamvua na maji mafu nimevieleza kwa sentensi moja moja.

Maelezo yote sasa ni kurasa chache, na bili imeshuka vizuri. Juzi mgeni aliomba fungu asubuhi ya maji mafu. Wakala akamjibu kuwa saa hizo limezama, akampa Changuu asubuhi ile na fungu siku nyingine. Ofisi sasa inataka safari za kisiwa cha Misali, Pemba. Kabla sijaandika chochote nitapanda boti kwenda Mkoani nikawasikilize manahodha wa huko, na nikishaandika, karatasi za kwanza ni za mtoto wa dada.