Nani Anauangalia Moto?

Houston, Jumapili alasiri

Nimeamka sasa hivi. Pua ndiyo iliyoniamsha: nyumba nzima inanukia mdalasini na mifupa ya ng'ombe. Nimelala tangu saa tatu asubuhi, na muda wote huo jungu la umeme lilikuwa jikoni likiendelea na kazi yake. Nimefunua kifuniko, nikachota kijiko kimoja, nikapuliza, nikanywa. Nikavuta kiti nikakaa. Leo imekubali. Hii ni mara ya nne najaribu kupika phở, supu ya Kivietinamu ya nyama ya ng'ombe na tambi za mchele, na nataka niandike kabla sijasahau nilivyofanya.

Nafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naingia saa moja jioni, natoka saa moja asubuhi. Usiku kucha nageuza watu vitandani, nabadilisha mashuka, nakaa na wale ambao usingizi umewahama. Miaka sita nimekuwa nikirudi asubuhi, nafungua mlango, na nyumba iko vilevile nilivyoiacha: baridi, kimya, haina harufu yoyote. Chakula kilikuwepo siku zote, ndani ya friji, kwenye makopo ya plastiki. Nilichokuwa nakikosa ni kufungua mlango nikakuta kuna kitu kinaiva.

Jungu nililinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, dola kumi tu. Ndani lina bakuli zito la udongo, juu kifuniko cha kioo, mbele swichi ya moto mdogo na moto mkubwa. Linachukua lita sita hivi. Baadaye nilisoma asili yake. Aliyelibuni ni Irving Naxon wa Chicago, akapewa hataza mwaka 1940, na wazo alilipata kwa mama yake. Mama huyo alimsimulia jinsi kule kwao Lithuania Wayahudi walivyokuwa wakipeleka vyungu kwenye tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama, vikaiva taratibu usiku kucha, kwa kuwa siku ya Sabato haifai kuwasha moto. Jina la Crock-Pot lilikuja 1971, baada ya kampuni nyingine kulichukua. Tangu nijue hivyo nimelipenda zaidi. Limetokana na simulizi ya mama, ya usiku na moto, na mimi simulizi ya namna hiyo ninayo ya kwetu.

Mama yangu aliuza supu ya makongoro Ngamiani, Tanga, tangu sijaanza shule. Kwato alizibabua juu ya moto mpaka manyoya yaungue, akaziparuza kwa kisu, akaosha, akazibabua tena. Harufu ile ya manyoya ilikuwa kwenye sare zetu za shule na hatukuweza kuitoa kwa sabuni yoyote. Saa tatu usiku sufuria inatelekwa jikoni. Kuanzia hapo mama hakuingia kitandani. Alijinyoosha kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, na kila nilipoamka kwenda msalani nilimkuta amechuchumaa, upawa mkononi, anaengua povu na kulimwaga kwenye kopo la maziwa. Mkaa aliongeza kipande kimoja kimoja. Moto ukizidi, alisema, supu inakuwa tope. Alfajiri wanafika makonda na wabeba mizigo wa sokoni: bakuli moja, chapati mbili, ndimu, pilipili, halafu kila mtu na njia yake.

Kwa hiyo siku jirani yangu wa chini aliponigongea mlango saa mbili kasoro asubuhi, nimetoka kazini hata viatu sijavua, akanipa bakuli la supu ya ng'ombe inayotoa mvuke, mimi sikushangaa supu ya asubuhi. Nilishangaa kwamba kuna watu wengine duniani wanaoijua. Hanoi nako wanakunywa phở asubuhi, wamekaa kwenye vigoda kando ya barabara, pilipili ikiwa mezani.

Namwita Bà, yaani bibi. Yeye ananiita con, mtoto. Kwao ni Nam Định, kaskazini mwa Vietnam. Wenyeji wa huko na watu wa Hanoi wanagombania nani hasa aliyeanzisha phở. Yanayokubalika ni kwamba ilianzia kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za utawala wa Wafaransa. Mwaka 1954, nchi ilipogawanywa sehemu mbili, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini, na familia ya Bà ilikuwamo, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka mitano. Supu ilihama nao. Kule Saigon wakaiongezea chipukizi za choroko, majani ya rehani, sosi nyeusi tamu. Mwaka 1975 vita vilipokwisha, akahama tena, safari hii hadi Texas. Leo ukipita Bellaire Boulevard hapa Houston, maduka na mabango ni ya Kivietinamu kwa maili kadhaa.

Bà amekaa Saigon miaka ishirini na moja na bado hataki choroko kwenye bakuli lake. Majani ya vitunguu, kotmiri kidogo, basi. Na amenifundisha kulitamka jina. Nilikuwa nasema "fo", kama wanavyosema Wamarekani wengi. Hapana. Sauti inashuka, halafu inainuka mwishoni, kama mtu anayeuliza jambo kwa upole.

Mara ya kwanza nilitupia kila kitu kwa pamoja: mifupa mibichi, nyama, viungo, maji hadi ukingoni, nikafunika nikaenda kazini. Asubuhi nilikuta maji ya kijivu, povu limeganda pembeni mwa bakuli, nyama imefumuka nyuzinyuzi, na harufu kali kama dawa ya kikohozi. Nikampigia mama kwa video. Kwetu ilikuwa saa kumi alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka kazini?"

Nikamgeuzia kamera aone jungu. Nikamweleza linavyofanya kazi, kwamba unaliwasha jioni, unaondoka, unarudi asubuhi. Akaliangalia kwa muda.

"Na nani anauangalia moto?"

"Hakuna moto mama. Ni umeme."

"Haya. Na nani anaengua?"

Sikuwa na jibu. Kifuniko kinafungwa saa kumi na nne na hakuna mtu ndani ya nyumba. Mama hajawahi kukiona chombo hiki, lakini aliligusa tatizo lake kwa swali moja. Jioni ile nilipomsimulia Bà, naye alisema hilohilo kwa njia yake: "Con, maji ya kwanza si ya supu. Mwaga."

Ndipo nikaelewa kwamba kuengua kote ambako mama alikufanya usiku kucha, mimi inabidi nikumalize kabla sijaondoka. Mifupa naichukua kwa muuza nyama ya halali kule Hillcroft, kilo mbili: ya miguu iliyokatwa katikati uboho ukionekana, na ya magoti yenye kano nyingi. Naitia kwenye sufuria ya kawaida, maji baridi, moto mkali. Ikishaanza kutokota naiacha dakika kumi. Povu linalopanda ni zito, rangi ya udongo, na kila ukidhani limekwisha linapanda jingine. Namwaga yote kwenye sinki. Halafu mfupa mmoja mmoja chini ya bomba la maji baridi: napitisha kidole kwenye mianya, natoa damu iliyoganda, nasugua kwa mswaki niliouweka kwa kazi hiyo tu. Inachukua nusu saa. Vidole vinateleza kwa mafuta na mgongo unauma, lakini mfupa ukishaoshwa unabaki mweupe kama chombo cha kaure. Sufuria nayo naisugua, kwa sababu ndiyo nitakayochemshia supu mwishoni.

Kisha tangawizi na vitunguu. Bà anavibabua juu ya moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi, na jiko langu halina gesi. Mara ya pili niliviweka ndani ya oveni chini kabisa ya waya wa juu, king'ora cha moshi kikalia mpaka mtoto wa nyumba ya pili akaanza kulia naye. Sasa nafungua madirisha kwanza. Weusi naukwangua kwa kisu, lakini si wote. Nikiwa nimeinama pale nakwangua tangawizi iliyoungua nilimwona mama na kwato zake. Mkono ni uleule, kisu kinakwenda vilevile.

Mifupa, tangawizi na vitunguu vinaingia kwenye jungu saa kumi na moja jioni, pamoja na lita tatu na nusu za maji ya moto kutoka kwenye birika. Nisizidishe. Kwenye sufuria ya mama maji yalipungua na supu ikakolea. Hapa mvuke unagonga kifuniko unarudi chini, asubuhi maji ni yaleyale. Swichi naiweka kwenye moto mdogo. Kitu hiki kina fadhila moja kubwa: hakichemki kwa fujo. Mafuta hayavurugiki na maji, supu haigeuki maziwa. Ule mkaa wa kipande kimoja kimoja, jungu hili limezaliwa nao.

Viungo havikai usiku kucha. Hilo ndilo lililoharibu mara ya kwanza. Kuna kile chenye umbo la nyota ya ncha nane, kinacholimwa sana Lạng Sơn, kaskazini mwa Vietnam. Saa kumi na nne za moto zinakigeuza kuwa dawa. Kwa hiyo asubuhi, nikishatoka kazini, naengua mafuta ya juu, nabakiza macho machache ya mafuta yanayoelea, halafu nakaanga viungo kwenye kikaango kikavu mpaka vianze kunukia: nyota tano, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki kubwa nyeusi moja, kijiko cha chai cha mbegu za giligilani, na karafuu. Karafuu ninazo za Pemba, kopo zima alilonifungia mama safari ya mwisho. Bà alisema tia tano. Nilimletea kopo akanusa, akachukua moja akaing'ata kwa meno ya mbele, akasema: "Hizi, tatu." Nafunga vyote kwenye kitambaa cheupe, natumbukiza pamoja na kipande cha nyama ya kidari, naenda kulala.

Nikiamka natoa kidari, nachuja supu, natia sosi ya samaki vijiko vinne vya chakula na bonge dogo la sukari. Sosi hiyo ni dagaa na chumvi tu vilivyokaa kwenye mapipa miezi mingi. Ukiinusa kwenye chupa utaikimbia, ndani ya supu huioni ila ukiikosa utajua.

Jambo la mwisho ndilo lililonishinda mara ya tatu. Bakuli la phở linapewa vipande vya nyama mbichi, vyembamba kama karatasi, na supu ya moto inapomiminwa juu ndiyo inayoviivisha. Nilichota moja kwa moja kutoka kwenye jungu. Nyama ikabaki nyekundu, tambi zikapoa, supu ikawa ya uvuguvugu. Sasa nairudisha kwenye sufuria, naipandisha moto hadi itokote kwa nguvu, na bakuli nalipasha kwa maji ya moto. Nyama naiweka kwenye friza nusu saa kabla, ikaze, kisu kikate kipande ambacho ukikiinua unaona mwanga.

Leo nimeivisha bakuli mbili. Moja nimempelekea Bà sasa hivi, chini, nikishuka ngazi taratibu. Nimetumia bakuli lake mwenyewe, lile la siku ya kwanza, lililochorwa samaki wa bluu ndani chini kabisa. Amelipokea kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani, akasogeza tambi pembeni kwa vijiti. Samaki akaonekana mpaka magamba. Hakusema kitu. Amekunywa supu yote kwanza, kabla hajagusa nyama, kisha akaniuliza kama nimebakiza.

Kwetu ni usiku sasa lakini mama alikuwa macho, nikampigia. Nimemwonyesha rangi ya supu kwenye glasi. Ameniambia niisogeze karibu na taa, kisha akauliza, "Na wewe ulilala?" Nimemwambia nimelala saa sita. Amerudia mara mbili, saa sita. Halafu akataka kujua kama jungu kama hili linaweza kufika Tanga. Hili langu ni la volti 120, likichomekwa kwenye umeme wa kwetu litaungua palepale, kwa hiyo nimemwahidi nitatafuta la volti 230. Akasema nisihangaike, miguu yake siku hizi haimruhusu kukaa jikoni, biashara ameshaacha. Tukaongea mambo mengine, harusi ya binamu, mvua. Nilipotaka kuaga akauliza linaingia kwato ngapi.

Nne, mama. Zikikatwa.