Jumatano yangu kwenye vihenge vya Cape Town

Saa 11 alfajiri. Chai ya tangawizi iko jikoni, nami napiga simu za mwisho kwa watu nitakaowatembeza leo: "Mama, msisahau vitambulisho." Jumatano asubuhi raia wa nchi za Afrika huingia bure kwenye jumba la sanaa la Zeitz MOCAA wakionyesha kitambulisho. Kwa anayehesabu nauli, hiyo ndiyo inayoamua kama atakuja.

Saa 3. Stesheni. Leo nina watu tisa: akina mama wa Lubumbashi na Bukavu, watoto wawili, na babu wa Tanga aliyekuwa baharia. Tunakwenda bandarini kwa miguu.

Saa 4. Jengo la jumba hili lilikamilika mwaka 1924, likiwa ghala la nafaka lenye mnara wa mita 57. Mahindi yalisubiri meli humu. "Hili nalijua," anasema babu, "ila kwa nje tu."

Ukumbini sisemi kitu, naacha watu wainue vichwa. Vihenge 42 vya zege vilisimama hapa vimebanana kama mianzi. Msanifu Thomas Heatherwick na wenzake walichukua punje moja ya mahindi, wakalikuza umbo lake, wakaikata zege kulifuata. Hapo ndipo naeleza, na mama wa Lubumbashi anapiga makofi: "Basi tuko ndani ya bukari!" Bukari ndiyo ugali kwao.

Mtoto wake anapitisha kidole pale zege lilipokatwa na kung'arishwa. Kokoto za miaka mia zinaonekana, moja moja, laini kama kunde. Haondoki hapo mpaka aitwe mara tatu.

Saa 6. Nawasimulia habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2020, jumba likiongozwa na marehemu Koyo Kouoh wa Kameruni, wakazi wa Cape Town waliombwa walete kazi za sanaa zilizomo majumbani mwao. Zilitundikwa zaidi ya 2,000. Kwangu mimi, ghala hili lilikuwa la wananchi siku ile, si siku misumeno ilipomaliza kukata zege.

Saa 7 tunatoka.

Saa 1 usiku. Mama wa bukari anapiga simu. Jumatano ijayo anataka kuja na majirani wanne, lakini mmoja ana karatasi ya ukimbizi tu. Itakubaliwa? Nimeliandika swali lake daftarini. Kesho asubuhi nakwenda kuuliza mlangoni.