Mshauri wa kuchangisha fedha za jengo: msimlipe kwa asilimia

Asasi ya Iringa au Mbeya ikishaamua kujenga bweni au zahanati, hakosi kujitokeza mtu wa kuiambia bodi: "Msinilipe kitu sasa, nitachukua asilimia kumi ya kitakachopatikana." Kwa asasi isiyo na akiba, hiyo inasikika kama neema. Mkatalieni.

Chukua bweni la shilingi milioni 300. Mtu akitoa milioni 60, milioni 6 zinaondoka kabla tofali halijafyatuliwa, na siku akijua (atajua, mji wenyewe si mkubwa hivyo) hatoi tena. Mshauri wa asilimia hana subira pia: anachukua milioni 5 leo kwa mtu ambaye angetembelewa mara tatu angetoa 20. Na ahadi je, analipwa ikitamkwa au ikitimizwa? Mtu akileta mifuko 200 ya saruji, yeye anapakia 20? Hata AFP, chama cha wachangishaji fedha chenye makao yake Marekani, kinakataza malipo ya namna hii katika kanuni zake za maadili. Lipeni ada iliyokubaliwa, kwa awamu, kila awamu na kazi yake kwenye hadidu za rejea.

Awamu ya kwanza iwe upembuzi peke yake, yaani kupima kama fedha hizo zinaweza kupatikana, kwa mkataba wake, wiki sita hadi nane. Mshauri azungumze na watu 25 hadi 40, mmoja mmoja: wenye mbao Mafinga, wenye mashine za mpunga Mbarali, viongozi wa dini, wazawa walioko Dar es Salaam, kutegemea mlipo. Wajumbe wa bodi wasikae naye chumbani. Nani atasema mbele ya mwenyekiti kwamba haamini mahesabu yenu? Maswali mawili hujitokeza karibu kila mara: kiwanja kina hati ya jina la nani, na gharama zimekadiriwa na mkadiriaji majenzi au na fundi? Kama hati bado ina jina la mzee aliyetoa eneo, simamisheni kila kitu mpaka ibadilishwe.

Ripoti isiyo na jedwali la michango irudisheni. Kwa milioni 300 linaweza kuwa hivi: mmoja wa milioni 60, wawili wa 30, wanne wa 15, wanane wa milioni 7.5. Hapo mna 240 kutoka kwa watu 15. Zilizobaki ni za wengi wadogo. Kwa kila mchango mkubwa mnahitaji majina matatu au manne, kwa hiyo 45 hadi 60. Mkiyakosa hayo majina, punguzeni jengo. Upembuzi unaowaambia hivyo umeshalipa gharama yake.

Mshauri mzuri haendi kuwaombea. Anaandaa, anawafundisha, anafuatilia. Wa kubisha hodi ni mwenyekiti na mkurugenzi, tena baada ya bodi nzima kutoa chake. Mchangiaji mkubwa huuliza hilo bila aibu.

Harambee yenye mgeni rasmi ije mwishoni, asilimia 50 hadi 70 zikiwa zimeshapatikana kimyakimya. Wanaoanza nayo hukodi ukumbi na maturubai, ahadi zinatamkwa kwenye kipaza sauti, kisha simu hazipokelewi. Dawa ni kadi ya ahadi: jina, simu, kiasi, idadi ya awamu, mwezi wa kila awamu, sahihi. Mwezi ufuate kipato cha mtu. Mwenye mpunga alipe baada ya mavuno, si Januari yenye ada za shule na mbolea ya kukuzia. Mwenye ng'ombe wa maziwa Rungwe anaweza kulipa kidogo kila mwezi.

Kwenye mkataba, andikeni kwamba fedha zote zinaingia akaunti ya asasi moja kwa moja, kwamba orodha ya wachangiaji ni mali ya asasi, na kwamba kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30. Anayekataa kipengele cha orodha, achaneni naye hapohapo. Malipo ya mshauri mkazi yakatwe kodi ya zuio ya 5% na kupelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Msipokata, TRA itawadai ninyi.