Mguu wa Mzee na zile seli shina

Jamani nimekuwa kimya miezi mingi hapa, na sababu ni mguu wa mbele wa kushoto wa farasi mmoja. Kazini huku Lambourn, Uingereza, ana jina lake refu la mbio, ila mimi namwita Mzee, wa kijivu, miaka 9, akiruka viunzi ni kama hana uzito.

Siku yenyewe ilikuwa saa 11 na nusu alfajiri, giza bado, nikapitisha kiganja nyuma ya mguu chini ya goti kama kila siku. Mjomba aliyenifunza usaisi pale Ngong Nairobi alikuwa akisema shika miguu kwanza ndo umsalimie farasi. Nikahisi joto, si kali, vuguvugu tu kama kikombe cha chai kilichosahaulika, na kidole gumba kikakuta kano imenenepa pale katikati. Na wala hachechemei! Hapo ndo watu hukosea. Kuna yadi niliwahi kufanya kazi tulimwambia tajiri huyu mguu una joto, akasema hachechemei mtoeni, haukupita mwezi kano ikakatika mbioni na yule farasi hakurudi tena bandani. Bado inaniuma.

Basi vetinari akaja na altrasaundi, tukaliona doa jeusi katikati ya kano, nje nzima ndani nyuzi zimechanika. Hii kano ni kama springi, farasi akikimbia kasi inavutika mpaka karibu na kukatika, na joto ndani yake hufika hata digrii 45. Ikiumia mwili unaziba kwa kovu, na kovu halivutiki vizuri, so anapona halafu anaumia tena palepale au pembeni yake. Zamani walikuwa wanachoma mguu kwa chuma cha moto wakiamini unaimarika, na maskini wanyama wameteseka bure maana utafiti haukuona faida.

Tajiri akakubali seli shina, yaani zile seli changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Uboho ulivutwa kwenye mfupa wa kifua, Mzee amesimama, kapewa dawa ya kumtuliza, kichwa chake kizito kimelala begani kwangu na mate yananidondokea kwenye koti. Maabara wakazikuza seli wiki 3 hivi, kisha vetinari akazichoma kwa mamilioni ndani ya lile doa huku anaangalia skrini, na hapo usicheleweshe maana kovu likishakomaa umekosa nafasi. Kuna na ile ya plateleti, vile vichembe vya damu vinavyosaidia kugandisha, damu inazungushwa kwenye mashine na kurudishwa siku hiyohiyo, ni rahisi zaidi, na hutumika sana kwa ligamenti pia, zile kamba zinazounganisha mfupa na mfupa.

Haya mambo ya seli yana historia hukuhuku, Roger Smith na wenzake wa Royal Veterinary College London waliandika mwaka 2003 kuhusu farasi wa polo waliyemtibu hivi. Mwaka 2012 wakatoa hesabu ya farasi wengi zaidi, na kwa wale wa kuruka viunzi kama robo tu ndo waliumia tena, wakati kwa matibabu mengine ilikuwa inaweza kupita nusu. Lakini si muujiza ndugu zangu. Seli nyingi hazikai pale muda mrefu, inaonekana kazi yake kubwa ni kupoza uvimbe na kuziamsha seli za kano zenyewe zijenge vizuri, na nyuzi mpya hazijipangi bila kutembezwa.

Na hiyo kazi haifanywi na vetinari, inafanywa na saisi. Dakika 10 kwa siku, kila wiki unaongeza 5, kwa kamba, mvua iwe upepo uwe, na farasi aliyefungiwa bandani miezi ni baruti, siku moja gunia la plastiki lilipeperuka akanyanyuka miguu ya nyuma nikaning'inia kwenye kamba nikiomba Mungu asishukie ule mguu. Ukimwachia akimbie dakika moja tu umemwaga pesa zote na maumivu yake yote, so ukisikia mtu anauza sindano bila kukupa ratiba ya kutembea, toka hapo haraka.

Sasa tuko mwezi wa 9 wa matibabu. Doa limejaa, nyuzi kwenye skrini zimelala mstari mmoja, na Jumanne ameruhusiwa kukimbia polepole kwa mara ya kwanza, mimi nimesimama kwenye ukuta wa uwanja mikono inatetemeka. Jumatano alfajiri nikaingia bandani na tochi, nikapiga magoti kwenye majani makavu kabla sijamsalimia, nikashika. Baridi, laini, nyembamba kama mwenzake wa kulia.