Merlene Ottey na kijiti chetu cha bomba la maji

Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kutimua vumbi, huwasaidia wasichana wa shule moja ya msingi kujifunza kupokezana vijiti kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. Kijiti chetu ni kipande cha bomba la maji la plastiki, ncha zake zimepigwa msasa zisikwaruze viganja, na alama ya kuanzia kukimbia tunaichora kwa majivu. Hapo ndipo ninapowasimulia habari za Merlene Ottey, mwanariadha wa mbio fupi, mzaliwa wa Jamaika wa mwaka 1960.

Wengi wanaomtaja Ottey huanza na alichokikosa. Alishiriki Olimpiki saba, kuanzia Moscow mwaka 1980 hadi Athens mwaka 2004, akapata medali tisa, za fedha tatu na za shaba sita, bila dhahabu hata moja. Mwaka 1996 jijini Atlanta alimaliza mita 100 kwa sekunde 10.94, muda uleule wa Gail Devers wa Marekani, na picha ya mstari wa mwisho ikampa Devers ushindi. Mimi naona hesabu hiyo inamwonea, maana mwanamke huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 200 mwaka 1993 na 1995, na mbio zake za ukumbini za mita 200, sekunde 21.87 za mwaka 1993, zilidumu miaka mingi kama rekodi ya dunia.

Lakini kwenye vijiti ndiko ninakomwona vizuri zaidi. Katika mita 100 mara nne mpokeaji hageuki kutazama nyuma. Mwenzake akikanyaga alama, yeye huondoka kwa kasi yote na kunyoosha mkono nyuma, akiamini kwamba kijiti kitaukuta. Nilipokuwa shuleni niliondoka mapema kwa woga, mwenzangu akanifukuza hadi tukatoka nje ya eneo la kupokezana, nasi tukaondolewa. Ottey alipokea kijiti cha mwisho Tokyo mwaka 1991, Jamaika ikatwaa ubingwa wa dunia kwa sekunde 41.94.

Sydney mwaka 2000 mambo yalikuwa mazito. Nafasi aliyopewa katika mita 100 iliwaudhi baadhi ya wanariadha wenzake wa Jamaika, waliolalamika hadharani kwamba bingwa wa taifa ameachwa. Hata hivyo aliingia katika timu ya vijiti akiwa na miaka 40, pamoja na Veronica Campbell wa miaka 18, wakapata medali ya fedha. (Mimi mwenyewe nadhani bingwa wa taifa alistahili kukimbia, na sioni haya kulisema.)

Baadaye alihamia Slovenia na kupata uraia mwaka 2002, na mwaka 2012, akiwa na miaka 52, aliikimbilia nchi hiyo mbio za vijiti katika mashindano ya Ulaya jijini Helsinki, pamoja na wasichana ambao angeweza kuwazaa.

Nilipofika hapo, mmoja wa wasichana wangu akauliza, "Shangazi, kule Sydney alikimbia wa ngapi?" Nikamjibu kwamba alikuwa wa nne, yule wa kumalizia. Tangu siku hiyo wanagombea nafasi ya nne, na wa tatu sina.