Nimemfungia mama kulabu kwa buti ya gari

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, kubeba vitu vya sokoni kumekuwa kazi nyingine kabisa. Ile sheria mimi naiunga mkono kwa moyo wote, manake naikumbuka hiyo mifuko ilivyokuwa imejaa kwa mitaro na ufuoni, na faini ya milioni 2 mpaka milioni 4 ndio ilifanya watu waiache kweli. Lakini ule mfuko wa zamani ulikuwa na jambo moja, unaufunga fundo juu, unautia kwa buti, basi, hakitoki kitu. Hii ya kitambaa tunayotumia sasa mdomo wake mpana, ukiisimamisha inasimama vizuri tu, alafu tuta la kwanza ishalala, vitunguu viko huko, ndimu ziko huku.

Na sisi twakaa Likoni, hapa Mombasa, soko letu ni Kongowea. Kwa hiyo ni matuta, ni daraja la Nyali, ni kuingia kisiwani ubanane na tuktuk na bodaboda zinazokukata mbele ghafla ukanyage breki, na bado hujafika feri ya kukuvusha Likoni. Pale feri maji yakiwa yamekupwa ule mteremko unakuwa mrefu, gari inainama pua chini na kila kitu kwa buti kinakimbilia mgongo wa kiti, ukitoka ng'ambo ya pili ni kupanda, kila kitu kinarudi kwa mlango. Ukifika nyumbani unafungua buti kidogo kidogo huku umetanguliza mkono.

Ndio mamangu akawa hataki kabisa kuweka vitu vyake nyuma. Mfuko anaukalisha chini hapo mbele katikati ya miguu, mishikio ameishika mkononi, hivyo hivyo kutoka Kongowea mpaka nyumbani, na magoti yenyewe yanamuuma. Nikimwambia mama leta niweke nyuma, ananijibu, "Wacha mwanangu, twende, mimi nishaushika." Na foleni ya feri mwaijua, kuna siku unakaa pale mpaka jasho likukaukie mwilini. Mimi naendesha nikimtupia jicho namuona kakunja miguu, roho inaniuma wallahi, mtu mzima amenunua chakula cha nyumba nzima alafu asafiri kama abiria wa matatu iliyojaa na gari ni ya mwanawe.

Sasa gari yenyewe ilikuja na kulabu moja ya plastiki pale ubavuni kwa buti, haya magari yetu ya kutoka Japani mengi yanazo, watu hawaziangalii tu. Ya kwangu imeandikwa kilo 3. Haya hebu piga hesabu na mimi, pakiti mbili za unga ni kilo 4, sukari kilo 2, mafuta lita 3, hapo ushakaribia kilo 9 na hujatia hata kiazi. Tena gari ikiruka tuta ule mzigo unavuta zaidi ya uzito wake, ile plastiki itashika nini? Ndio nikaamua nifunge za chuma.

Lakini jibu lenyewe nilikuja kulipata kwa mama. Siku moja tumesimama foleni nikamuangalia mkono wake vizuri, nikaona kumbe yeye haubebi ule mfuko! Mfuko umekaa chini, uzito wote uko kwa sakafu, yeye anauzuia mdomo tu usilale, vidole viwili vinatosha. Hapo ndio nikaelewa kulabu inatakiwa iwe wapi. Watu wengi wanaifunga juu kabisa mfuko unaning'inia, kila kona unabembea unagonga huku na huku mpaka mshikio unakatika. Mfuko ukae chini, kulabu iwe juu yake kidogo tu, mishikio ikaze bila kuuinua. Nikapima mfuko wake ukiwa umejaa, kutoka chini mpaka ncha ya mishikio sentimita 48, nikatia alama kwa 48, na nikaweka mbili ubavu mmoja, zimeachana upana wa mfuko, mshikio huu hapa na ule pale, hivyo mdomo unafunguka kama ulivyo na hauzunguki.

Za kubandika na gundi nilizikataa mapema. Gari ikilala juani Kongowea mchana mmoja wa mwezi wa pili, buti inakuwa tanuri, gundi inalainika, na ile plastiki ya ubavuni yenyewe ina vinyweleo haishiki gundi vizuri hata uipanguse na spiriti. Na ukitia skrubu kwenye plastiki peke yake itachanika tu. Lazima ushike bati la nyuma yake.

Kwa hiyo tukabandua ile plastiki na fundi wa hapa mtaani, kijana mpole sana, bisibisi amelizungushia kitambaa lisikwaruze, klipu moja moja bila haraka. Hii hatua msiiruke jamani, manake huko nyuma mnapita nyaya za taa, na ubavu ule wenye kifuniko cha tangi ndio linapita paipu la mafuta, sasa mtu atoboe na drili kwa kukisia... Sisi tulienda ubavu wa pili. Na bolti za mikanda ya viti usiziguse hata zikiwa zimekaa pahali pazuri namna gani, hizo ni za roho za watu. Tulipata tundu moja la kiwandani, la pili tukatoboa, bolti za milimita 6, nyuma wosha pana, kile kibati cha duara chenye tundu katikati, kabla ya nati ili bati lisipinde. Vyote stenlesi, hapa kwetu na hii hewa ya chumvi chuma cha kawaida hakikai, na ule mdomo wa tundu jipya tukaupaka rangi ya kuzuia kutu tukangoja ikauke ndio tukafunga. Fundi ndiye alisisitiza hiyo rangi, mimi nilikuwa nishachoka na jua, Mungu ambariki.

Jumamosi tukaenda. Mama alisimama nyuma ya gari akaivuta mishikio yeye mwenyewe, akaitikisa, akaniangalia, akaitikisa tena, ndio akafunga mlango wa buti. Kwa daraja aligeuka nyuma. Kwa ule mteremko wa feri aligeuka tena, na maji yalikuwa yamekupwa haswa, nikamwambia mama tulia. Kisha akavua viatu, akanyoosha miguu, tukavuka anazungumza habari za harusi ya watu wa Ukunda mwanzo mwisho, na mikono yote miwili anaitumia kuhadithia. Nilikuwa sijamuona hivyo ndani ya gari siku nyingi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumjibu.

Nyumbani mfuko ulikuwa umesimama, nyanya juu, unga chini, kama alivyopanga mwenyewe sokoni.

Kilichobaki ni kikapu chake cha ukili, kile cha nazi na mchicha, hicho ni kifupi na mishikio yake haifiki kwa hizi kulabu. Nimekipima, sentimita 35. Bolti na wosha nishanunua, fundi nimemwambia Ijumaa baada ya swala, na safari hii mama amesema atakuja kusimama pale pale atuonyeshe anataka ikae wapi.